Nani huamua urefu wa jengo? Hesabu zilizo nyuma ya minara ya miji ya wastani

Juni 2024 baraza la jiji la Oklahoma City, Marekani, liliondoa kikomo cha urefu kwenye kiwanja kimoja kilicho jirani na katikati ya mji. Mwendelezaji wa kiwanja hicho alikuwa ameomba kusimamisha mnara wa futi 1,907, yaani mita 581. Tarakimu hizo zilichaguliwa makusudi, kwa kuwa Oklahoma ilifanywa jimbo mwaka 1907. Mnara wa kimo hicho ungeipita One World Trade Center ya New York, yenye mita 541, na ungekuwa zaidi ya mara mbili ya Devon Energy Center, jengo la ghorofa 50 na mita 257 ambalo ndilo lililotawala mji huo tangu 2012. Michoro ya kompyuta ilisambaa, na mazungumzo yakagawanyika palepale. Wengine walishangilia maendeleo, wengine wakalaani kiburi. Pande zote mbili ziliongea kana kwamba mnara umeshasimama.

Haukuwa umesimama. Kwa kura hiyo baraza lilikuwa limesema neno moja tu: unaruhusiwa. Kura haitafuti wapangaji wala haipimi udongo. Kati ya ruhusa na jengo kuna safari ndefu, na michoro mingi huishia njiani bila mtu kutangaza kwamba imekufa. Kwa hiyo unapoona picha ya mnara unaokuja, uliza kwanza umefika kituo gani: ni wazo la msanifu, ni ombi lililowasilishwa, ni kibali kilichotolewa, ni msingi uliochimbwa, au ni jengo lililofungiwa lifti? Vyombo vya habari huviandika vituo hivi vyote kwa kichwa kilekile cha habari.

Tupatane kwanza juu ya maneno. Jengo refu ni lipi? Baraza la kimataifa linaloorodhesha majengo marefu, lenye makao yake Chicago, halina namba moja ya kukata shauri. Linasema ghorofa 14 au mita 50 ni mahali pa kuanzia, ila urefu hutegemea majirani. Jengo la ghorofa 14 ni fupi katikati ya Chicago, na ni jitu katika mji ambao kila paa liko usawa wa ghorofa ya tano. Mji wa wastani nao? Shirika la OECD huuita hivyo mji wenye watu 200,000 hadi 500,000 ukijumlisha vitongoji vyake. Hapa nitakuwa mlegevu zaidi: mji wowote wenye kitovu kimoja kinachojulikana, ambao jengo moja jipya linaweza kubadilisha namna unavyoonekana ukiwa barabarani unauendea. Mwonekano huo, mstari unaochorwa na mapaa dhidi ya anga, nitauita sura ya mji.

Blanketi moja, mikunjo mingi

Kosa kubwa zaidi katika mazungumzo haya ni kudhani kwamba urefu na ukubwa ni kitu kimoja. Si kitu kimoja, na namna rahisi ya kulielewa hilo ni blanketi. Litandaze kitandani, linafunika kitanda chote na unene wake ni wa kidole. Likunje mara nne, linakuwa rundo refu kwenye kona. Blanketi halijaongezeka hata uzi mmoja.

Wapangaji wa miji hupima blanketi, si mikunjo. Kipimo chao ni uwiano wa kiwanja: jumla ya eneo la sakafu zote ukiigawa kwa eneo la kiwanja. Kiwanja cha mita za mraba 1,000 chenye uwiano wa 4 kinaruhusu sakafu za mita 4,000 kwa jumla. Unaweza kuzipanga kama ghorofa nne zinazojaza kiwanja chote mpaka ukingoni, au kama ghorofa 16 zilizosimama kwenye robo ya kiwanja huku robo tatu zikibaki wazi. Watu wanaoingia ni walewale, na choo, maji na umeme vinavyohitajika ni vilevile. Sura ya mji tu ndiyo inayobadilika, tena sana.

Ndiyo maana Paris, yenye nyumba nyingi za ghorofa sita au saba, ina wakazi wapatao 20,000 katika kila kilomita moja ya mraba, msongamano ambao miji mingi iliyojaa minara haiukaribii. Wafaransa waliwahi kujaribu mnara katikati ya mji. Tour Montparnasse, mita 210, ulimalizika 1973, ukawachukiza watu kiasi kwamba mwaka 1977 kikawekwa kikomo cha mita 37. Kililegezwa baadaye kwa baadhi ya maeneo, kisha mwaka 2023 kikarejeshwa. Paris haikuwa na uhaba wa watu wakati wote huo.

Kwa hiyo mtu akikuambia mji "umeishiwa ardhi, lazima upande juu", mwombe akuonyeshe sehemu za kuegesha magari. Miji mingi ya wastani ina viwanja vitupu mita mia mbili kutoka kwenye mnara wake mrefu kuliko yote. Mnara haukupanda kwa sababu chini pamejaa. Ulipanda kwa sababu nyingine.

Lifti ilivyogeuza thamani

Kabla ya lifti, ghorofa za juu zilikuwa za watu wasio na uwezo wa kukwepa ngazi. Mwaka 1854 Elisha Otis alisimama juu ya jukwaa lililoning'inizwa mbele ya umati jijini New York, akaamuru kamba ikatwe, na breki yake ya usalama ikalishika jukwaa. Mwaka 1857 lifti yake ya kwanza ya abiria ikafungwa katika duka moja la jijini humo. Tangu hapo bei ikapinduka: juu pakawa ghali, chini pakawa pa kupita.

Kikwazo cha pili kilikuwa kuta. Jengo la kuta za matofali linabeba uzito wake lenyewe, hivyo kila ghorofa unayoongeza juu inakudai ukuta mnene zaidi chini. Monadnock Building ya Chicago, upande wake wa kaskazini uliomalizika 1891, ina ghorofa 16 na kuta zenye unene wa karibu mita 1.8 kwenye kitako. Fikiria ukikodi duka ambalo ukuta wake umekula nafasi ya kitanda. Wakati huohuo, katika mji huohuo, Home Insurance Building ya mwaka 1885 ilikuwa imeshaonyesha njia nyingine: kiunzi cha chuma kibebe uzito, kuta ziwe ngozi tu. Majengo marefu ya leo, yawe ya chuma au ya zege, ni watoto wa wazo hilo.

Lakini kuweza si sawa na kulipa. Kila ghorofa inayoongezwa hugharimu zaidi ya ile iliyo chini yake, na sababu hazionekani kwenye picha. Watu wakiongezeka juu, lifti zinaongezeka, na kila lifti hutoboa tundu katika kila sakafu inayopita. Upepo huusukuma mnara ubavuni, na nguvu ya kuupindua hukua haraka kuliko urefu wenyewe, kwa hiyo nondo, zege na nguzo zinaongezwa kwa ajili ya upepo tu. Maji yanadai shinikizo la karibu baa moja (baa ni kipimo cha shinikizo) kwa kila mita kumi ya kupanda, hivyo mnara wa mita 100 huhitaji pampu na matangi ya katikati. Ngazi nyingi za magari ya zimamoto huishia karibu na mita 30. Juu ya hapo jengo lazima lijizime lenyewe, kwa mabomba ya kunyunyizia maji, ngazi zilizokingwa dhidi ya moshi na pampu zenye umeme wa akiba.

Chini kuna udongo. Millennium Tower ya San Francisco, yenye ghorofa 58, ilifunguliwa 2009 ikiwa imesimama juu ya nguzo za msingi ambazo hazikufika kwenye mwamba. Ikazama na kuinama kupita makadirio, na baadaye ikabidi kuchimbwa nguzo nyingine mpaka mwambani ili kuishikilia. Mchoro unaosambaa mtandaoni hauonyeshi udongo hata siku moja.

Soko dogo, jengo kubwa

Hapa ndipo mji wa wastani unapoachana na jiji kubwa, na ndipo ninapoona mijadala mingi ikipotea.

Chukua mfano wa kubuni. Mji fulani unahitaji mita za mraba 8,000 za ofisi mpya kwa mwaka: kampuni chache zinakua, moja mbili zinahamia. Anakuja mwendelezaji na mnara wa ghorofa 40, kila ghorofa mita 1,000. Hizo ni mita 40,000, yaani mahitaji ya miaka mitano yanayoshushwa sokoni siku moja. Katika jiji la watu milioni kumi, mita hizo ni tone. Katika mji huu ni gharika.

Wapangaji watatoka wapi basi? Kwa sehemu kubwa, watavuka barabara. Kampuni ya mawakili iliyokuwa kwenye jengo la mwaka 1975 itahamia kwenye kioo kipya, benki itaifuata, na baada ya miaka miwili mnara umejaa na kila mtu anapongezwa. Lakini tembea mtaa mmoja nyuma yake usiku uhesabu madirisha yenye taa katika majengo ya zamani. Watu katikati ya mji hawakuongezeka, walihamishwa. Sisemi ni vibaya daima, kwani majengo ya zamani yakishuka bei yanaweza kuwapokea wale ambao hawakumudu kuwa hapo. Ila ukitaka kujua kama mnara umeongeza kitu, usihesabu waliomo ndani yake. Hesabu mtaa mzima.

Benki zinalijua hili vizuri kuliko mashabiki. Mkopeshaji huuliza sehemu gani ya sakafu imeshapata mpangaji aliyetia saini au mnunuzi aliyelipa amana kabla ya zege kumwagwa. Katika mji mdogo swali hilo huua michoro mingi kuliko baraza lolote la madiwani. Ukiona vyaelea vimeundwa, na vingi kati ya hivyo vimekopewa.

Ndiyo sababu minara mirefu ya miji ya wastani mara nyingi ina mwenye nyumba wa aina ya pekee, asiyetegemea soko la mji peke yake. Mobile, Alabama, mji wa watu wapatao laki mbili, una mnara wa mita 227 uliomalizika 2007. Aliyeujenga ni mfuko wa pensheni wa watumishi wa jimbo. Oklahoma City ilipata ule wa ghorofa 50 kwa sababu kampuni ya nishati ilitaka makao makuu. Mfuko wa pensheni unaweza kusubiri miaka 30, na kampuni inayojijengea haihangaiki kutafuta mpangaji. Lakini ujasiri huo una upande wa pili: makao makuu yakipungua au kuhama, mji unabaki na jengo ambalo hakuna kampuni nyingine mjini ya kulijaza.

Ipo njia ya tatu, kuleta mahitaji kutoka nje. Benidorm, mji wa pwani ya Hispania wenye wakazi wapatao 70,000, ulipitisha mpango wake mkuu wa ujenzi mwaka 1956 na ukajaa minara ambayo miji mara kumi yake haina. Wanaoijaza ni watalii. Hapo blanketi limekunjwa kwa makusudi: jengo jembamba lililo juu humpa kila mgeni dirisha la bahari, na kuacha hewa ipite hadi mitaa ya nyuma.

Benidorm pia imetupa uzushi maarufu kuliko wote wa fani hii. Mwaka 2013 dunia ilicheka iliposikia kwamba jengo la Intempo, lenye ghorofa 47, limejengwa bila lifti kwa kusahaulika. Si kweli. Lifti zilikuwepo. Yaliyokuwepo pia ni matatizo ya fedha na ya ujenzi, kwani kazi ilianza 2007, msukosuko wa fedha wa 2008 ukaikuta katikati, na jengo likafunguliwa 2021. Kisa cha lifti kilipendwa kwa kuwa kinachekesha. Kisa cha kweli, kwamba mnara unaoanza wakati wa neema unaweza kumalizika baada ya neema kuondoka, ni kikavu zaidi lakini hujirudia. Empire State Building ilifunguliwa 1931 katikati ya mdororo mkuu wa uchumi, ikakaa na sakafu tupu kiasi cha kutaniwa kwamba ni jengo la utupu.

Kutokana na visa hivyo ikazuka imani kwamba mnara mrefu hutabiri anguko la uchumi. Mwaka 1999 mchambuzi Andrew Lawrence aliipa imani hiyo jina: faharasa ya minara (Skyscraper Index). Mchumi Jason Barr na wenzake waliipima kwa takwimu mwaka 2015, wakaona urefu hautabiri anguko. Uchumi unaokua ndio unaovuta majengo juu. Ni suala la muda: mnara huchukua miaka mingi kuliko neema inavyodumu, kwa hiyo kukutana na mvua wakati wa kufunga dirisha si ajabu.

Sheria zisizoonekana

Watu hudhani kikomo cha urefu huwekwa kwa ajili ya urembo. Washington ni mfano mzuri wa kosa hili. Wageni wengi huambiwa kwamba hakuna jengo linaloruhusiwa kulipita bunge, Capitol. Sheria ya 1910 haisemi hivyo. Inafunga urefu wa jengo kwenye upana wa barabara iliyo mbele yake, upana huo ukiongezewa futi 20, na juu yake kuna ukomo wa jumla. Ni wazo la busara kuliko hadithi yenyewe: barabara pana humudu jengo refu kwa sababu mwanga na hewa bado vinafika chini. Philadelphia ilifanya kinyume kabisa. Haikuwa na sheria, ilikuwa na makubaliano ya mdomo tu kwamba hakuna jengo litakalozidi kofia ya sanamu ya William Penn juu ya ukumbi wa jiji. Yalishika miaka mingi mpaka One Liberty Place ilipoyavunja mwaka 1987.

Sheria nyingine iko angani. Ndege zinazopaa na kutua zinahitaji mteremko wa hewa ulio wazi, na mteremko huo ukipita juu ya katikati ya mji unakuwa dari lisiloonekana. San Diego ina uwanja wa ndege ulio jirani kabisa na kitovu chake, ndiyo maana minara yake imekatwa karibu na futi 500, mita 152, kama nyasi zilizofyekwa kwa panga moja. Mtu asiyejua husema wasanifu wa mji huo hawana ubunifu. Wanao, ila rubani ana kauli ya mwisho.

Shingo juu, macho chini

Mnara huzungumziwa kwa kilele chake, lakini watu huishi nao kwa kitako chake. Hapa nina upendeleo na siufichi: ghorofa tatu za kwanza ni muhimu kwa mji kuliko thelathini zinazofuata, kwa sababu hizo ndizo mpita njia anazokutana nazo.

Adui wa kitako ni maegesho. Gari moja, ukihesabu mahali pa kusimama pamoja na njia ya kuingilia na kugeuzia, hula takriban mita za mraba 30. Mfanyakazi wa ofisini hutengewa nusu ya hapo au chini zaidi. Kwa maneno mengine, gari linaweza kupangishiwa nafasi kubwa kuliko mwenye gari. Katika miji ambayo usafiri wa umma ni dhaifu, kanuni au benki hudai maegesho mengi. Kuchimba chini ni ghali, basi magari huwekwa kwenye ghorofa za chini za mnara. Matokeo ni ukuta mtupu wa ghorofa tano au sita kando ya njia: hakuna mlango, hakuna duka, hakuna macho. Picha ya kompyuta huwa imepanda miti mbele yake.

Kisha kuna upepo. Umeona maji ya mto yanavyogonga jiwe na kuzunguka kwa kasi pembeni? Upepo ukigonga uso bapa wa mnara hufanya hivyo hivyo, na sehemu yake hushuka chini hadi barabarani. Mnara ukiwa kati ya minara mingine, mshtuko hugawanywa. Ukiwa peke yake juu ya mapaa mafupi, na hiyo ndiyo hali ya kawaida katika mji wa wastani, unauvuna upepo wote. Leeds, Uingereza, ilijifunza kwa uchungu. Jengo la Bridgewater Place, lenye mita 112 hivi, lilimalizika 2007, na mwaka 2011 upepo uliokuwa ukivuma pembeni mwake uliangusha lori, likamuua mpita njia. Barabara ikawa inafungwa siku za upepo mkali, na baadaye vikajengwa vizuizi vya kuukatisha. Vipimo vya upepo kwa kutumia kielelezo kidogo ndani ya bomba la upepo vipo na hugharimu sehemu ndogo sana ya jengo. Kama unataka swali moja la kuwauliza wanaoleta mchoro, uliza hilo.

Kivuli huogopwa zaidi kuliko upepo, ingawa mara nyingi hakistahili. Jua likiwa nyuzi 45 juu ya upeo, kivuli cha mnara ni sawa na urefu wake. Jua likishuka hadi nyuzi 30, kinarefuka mara 1.7. Lakini kivuli cha mnara mwembamba hupita kama mshale wa saa, wakati cha jengo pana la ghorofa kumi hukaa mahali pamoja nusu siku. Kioo kina vitimbi vyake pia: mwaka 2013 uso uliopinda wa 20 Fenchurch Street jijini London uliukusanya mwanga wa jua mahali pamoja mpaka ukayeyusha sehemu za gari lililoegeshwa.

Je, minara hupandisha kodi za nyumba?

Swali hili ndilo linalowagombanisha watu kuliko yote. Mkazi wa mtaa wa jirani anaona jengo la kifahari linapanda, anaona kodi yake inapanda, anaunganisha. Ni rahisi kumwelewa. Lakini mara nyingi mpangilio ni kinyume: wajenzi hukimbilia mahali ambapo kodi zimeshaanza kupanda, kama vile miamvuli inavyoonekana wakati wa mvua bila kuwa imeileta. Wachumi Brian Asquith, Evan Mast na Davin Reed walichunguza majengo makubwa mapya ya makazi katika mitaa ya kipato cha chini ya miji ya Marekani, wakaona kodi za nyumba zilizo karibu kabisa na jengo jipya zikiwa chini kwa asilimia 6 hivi kulinganisha na nyumba zilizo mbali kidogo au zilizo karibu na viwanja vilivyojengwa baadaye. Jengo jipya liliwachukua wapangaji wenye uwezo ambao vinginevyo wangeshindania nyumba kuukuu.

Utafiti huo usigeuzwe kuwa hirizi. Ulihusu makazi, si ofisi, na asilimia 6 haimsaidii aliyevunjiwa nyumba ili kiwanja kipatikane. Swali la nani alikuwa anaishi pale kabla ni swali la peke yake, na halijibiwi na wastani wowote. Nyumba zilizonunuliwa na kufungwa kama akiba ya fedha nazo hazipunguzi msongamano wa mtu yeyote.

Ofisi tupu zina fumbo lao. Wengi huuliza kwa nini zisigeuzwe makazi mara moja. Tatizo ni unene wa jengo: sakafu ya ofisi ya miaka ya 1970 na 1980 inaweza kuwa na mita 15 au zaidi kutoka dirishani hadi kwenye lifti, na chumba cha kulala kinataka dirisha. Vyoo navyo vimerundikwa katikati, wakati kila nyumba inataka bafu na jiko lake. Calgary, Kanada, ilianza mwaka 2021 kuwalipa wenye majengo ruzuku ya dola 75 za Kanada kwa kila futi ya mraba ya ofisi inayogeuzwa makazi, kwa sababu bila ruzuku hesabu haikubali.

Miji midogo mbele ya mikubwa

Jambo moja linanifurahisha katika haya yote. Ubunifu mkubwa wa miaka ya karibuni katika majengo marefu haukutoka kwenye majiji makuu. Brumunddal, mji wa Norwei wenye watu kama 11,000, ulisimamisha Mjøstårnet mwaka 2019: ghorofa 18, mita 85.4, kiunzi cha mbao zilizounganishwa kwa gundi tabaka juu ya tabaka. Skellefteå, kaskazini mwa Uswidi, ikafuata 2021 na jengo la utamaduni na hoteli la ghorofa 20. Mwaka 2022 Milwaukee ya Marekani ikafungua Ascent, ghorofa 25, ikaipita Mjøstårnet kwa mita moja tu na ushei. Wanaouliza kama mbao haziwaki wameuliza vyema. Zinawaka, ila boriti nene huungua kwa nje na kufanya tabaka la mkaa linalopunguza kasi ya moto kuingia ndani, na wahandisi huongeza unene wa boriti kwa hesabu hiyo. Brumunddal na Skellefteå ziko karibu na misitu na viwanda vya mbao. Majengo yao yanaeleza kile mji unachokijua.

Malmö, kusini mwa Uswidi, nayo ilibadilisha sura yake, lakini kwa njia nyingine. Kwa karibu miaka 30 mji huo ulitambulika kwa kreni ya kiwanda cha meli cha Kockums, mita 138, iliyoonekana hata kutoka ng'ambo ya mlango wa bahari. Meli zilipokosa wanunuzi kreni ikakosa kazi, na mwaka 2002 ikafunguliwa vipande na kupakiwa melini kupelekwa Ulsan, Korea Kusini. Kwenye eneo lilelile la bandari ulikuwa umeshaanza kujengwa Turning Torso, mnara wa mita 190 uliojipinda kama mtu anayegeuka kutazama nyuma, kazi ya msanifu Santiago Calatrava. Ulifunguliwa 2005. Mji ukapata alama mpya mahali pa ile ya zamani, nyumba za kuishi zikiwa zimechukua nafasi ya chuma cha kunyanyulia meli. Kreni yenyewe bado ina jina la mji ilikotoka: Wakorea huiita Machozi ya Malmö.